Maziwa ya mama kwenye friza: Yahifadhi vyema yasije yakamdhuru mtoto

ASUBUHI moja ya Jumanne aliniletea mtoto mama mmoja ambaye ni karani katika kampuni moja hapa jijini. Mtoto alikuwa na umri wa miezi minne na wiki mbili, na alikuwa ameharisha siku tatu mfululizo. Macho yalikuwa yamezama, utosi umebonyea, na nilipoibana ngozi ya tumbo lake ilirudi pole pole badala ya kurejea mara moja. Dalili hizo zikionekana pamoja daktari hapotezi wakati, kwa sababu maji mwilini yamepungua kiasi cha kutisha.

Kilichonishangaza ni kwamba mama huyo alisema mtoto hajawahi kuonja chochote ila maziwa yake. Hakuwa amepewa maji, wala uji, wala maziwa ya ng'ombe. Nilimwamini. Basi nikamwuliza swali ambalo nakiri sisi madaktari huwa hatuliulizi mara nyingi: Hayo maziwa humfikia mtoto vipi wewe ukiwa kazini?

Ndipo kisa kizima kilipofunuka. Mama hukamua maziwa usiku na alfajiri, akayatia katika chupa na kuyagandisha kwenye friza. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kukimbilia matatu, hutoa chupa mbili na kuziweka juu ya meza ya jikoni, karibu na dirisha, ziyeyuke zenyewe. Yaya humpa mtoto chupa ya kwanza mwendo wa saa tatu. Mtoto asipoimaliza, yaya huifunika na kumpa tena saa sita. Chupa ya pili hubaki pale pale mezani hadi saa nane au saa tisa. Yaya hakufanya kosa lolote alilokuwa amekatazwa. Alifanya vile alivyoagizwa, na mama naye aliagiza vile alivyodhani ni sawa, maana hakuna aliyewahi kumweleza vingine.

Mtoto alipona. Alilazwa siku mbili, akapewa maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na dawa ya zinki, na aliendelea kunyonya muda huo wote. Lakini siku ya kuondoka mama aliniambia, "Daktari, haya mambo ya friza nimeyaacha. Heri ninunue maziwa ya kopo."

Makala haya ni jibu nililompa, ila nimelirefusha kidogo kwa faida ya msomaji ambaye huenda yuko katika hali hiyo hiyo.

Shirika la Afya Duniani pamoja na Wizara ya Afya hapa nchini hushauri kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi afikishe miaka miwili au zaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili. Msomaji hahitaji kuwa bingwa wa hesabu kuona kwamba kuna miezi mitatu mizima hapo katikati ambayo mama yuko kazini na mtoto yuko nyumbani. Katika kliniki tunamwambia mama anyonyeshe miezi sita, tunampa kitabu chake, tunamwita anayefuata. Kuhusu hiyo miezi mitatu ya katikati huwa tumenyamaza.

Hata hivyo akina mama wa Kenya wamejitahidi sana. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2008-09 ulionyesha kuwa watoto 32 tu katika kila 100 walio chini ya miezi sita ndio waliokuwa wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Katika uchunguzi wa mwaka 2014 idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi 61, na ule wa mwaka 2022 ukapata 60. Tumesimama pale pale kwa miaka minane, na kwa maoni yangu kazi ya mshahara ni mojawapo ya mambo yanayotuzuia kusonga mbele.

Baridi haiui

Kabla ya kutoa maagizo yoyote, ningependa msomaji aelewe jambo moja, kwa sababu akilielewa hilo mengine yote yatamjia yenyewe. Baridi haiui vijidudu. Baridi huvilaza usingizi tu. Maziwa ya mama hayatoki yakiwa safi kabisa kama maji ya sindano, kwani hupitia kwenye ngozi, mikononi, kwenye pampu na kwenye chombo, na kote huko huokota vijidudu wachache. Yakiwa yametoka titini sasa hivi hayana shida, maana yana askari wake wenyewe, yaani chembe hai na viini vya kinga ambavyo hupunguza kasi ya vijidudu kuzaana. Ndiyo maana hustahimili kukaa nje muda mrefu kuliko maziwa ya kopo yaliyokorogwa.

Sasa yanapogandishwa, chembe hai nyingi hufa, na sehemu ya viini vya kinga na vitamini C hupungua. Vile vijidudu vilivyolala navyo huamka pindi maziwa yanapoyeyuka na kupata joto, na safari hii walinzi ni wachache. Kwa hivyo maziwa yaliyoyeyushwa hayana uvumilivu wa maziwa mapya. Chupa iliyotoka kukamuliwa inaweza kuwa salama mezani kwa saa nne. Iliyotoka kwenye barafu isipewe muda huo. Hapo ndipo yule mama alipokwama.

Pamoja na upungufu huo, maziwa ya mama yaliyogandishwa bado yanayapita maziwa ya kopo kwa mbali. Asikudanganye mtu.

(Nisemapo kugandisha, simaanishi maziwa lala. Kuna nyanya mmoja aliyekuja kwangu akiwa amekasirika, akidhani bintiye ameambiwa na daktari amgandishie mtoto maziwa kibuyuni. Nazungumzia kugandisha kwa barafu.)

Kukamua na kuweka

Kazi huanza na mikono. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, sio kuchovya katika karai. Vyombo vyote vitakavyogusana na maziwa vioshwe kwa sabuni, visuuzwe, kisha vichemshwe katika sufuria iliyofunikwa kwa dakika kumi angalau mara moja kwa siku wakati mtoto angali mchanga. Kumbuka kuhesabu dakika hizo kuanzia maji yanapotokota, wala si sufuria inapowekwa jikoni. Hapa Nairobi, kwa ajili ya mwinuko wetu, maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 95, kwa hivyo usifanye haraka ya kuepua. Vyombo vikaushwe kwa hewa juu ya kitambaa safi. Kile kitambaa cha jikoni kinachofuta kila kitu kisivikaribie.

Si lazima uwe na pampu. Mikono miwili inatosha na haina gharama. Weka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, umbali wa kama sentimita tatu au nne kutoka kwenye chuchu, sukuma kuelekea kifuani, kisha minya na uachilie. Usivute chuchu yenyewe, utaumia bure na maziwa hayatatoka. Siku za kwanza utapata vijiko viwili tu na utakata tamaa. Vumilia. Ukikanda titi kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na kuitazama picha ya mtoto kwenye simu, maziwa huteremka upesi zaidi. Hilo la picha wengine hulicheka, lakini homoni inayoteremsha maziwa huitikia fikira za mama.

Chombo kiwe cha glasi au cha plastiki ngumu iliyotengenezewa chakula, chenye kifuniko kinachokaza. Kuna pia mifuko maalum ya maziwa ya mama ambayo huuzwa katika maduka ya dawa. Chupa za soda zilizotumika, mikebe ya siagi na karatasi za nailoni hazifai. Tia kiasi kidogo kidogo, mililita 60 hadi 120 katika kila chombo, maana ni rahisi kuyeyusha chombo cha pili mtoto akilia kuliko kumwaga nusu chupa akishiba. Usijaze mpaka juu. Acha nafasi ya kama upana wa vidole viwili kwa sababu maziwa hufura yakiganda, na chupa ya glasi iliyojaa hupasuka.

Andika tarehe na saa kwenye kila chombo. Kipande cha plasta na kalamu ya wino vinatosha. Usiseme utakumbuka, mama anayenyonyesha usiku hakumbuki hata siku ya wiki.

Sasa tuje kwenye muda. Maziwa mapya yanaweza kukaa nje kwa saa nne ikiwa joto la chumba halizidi nyuzi 25. Msomaji wa Limuru au Nyahururu hana wasiwasi hapo. Lakini wewe uliye Mombasa, Garissa au Lodwar, ambako joto hupita nyuzi 30 mchana, usizitegemee hizo saa nne. Yaingize kwenye baridi mara tu umalizapo kukamua. Ndani ya friji, kwenye nyuzi 4, yatakaa hadi siku nne. Katika friza ya nyuzi 18 chini ya sufuri, muda ulio bora ni ndani ya miezi sita. Yanaweza kufika miezi kumi na miwili bila kuwa hatari, lakini ubora huendelea kushuka na sioni sababu ya kungoja hivyo.

Tahadhari. Friza ninayozungumzia ni ile yenye mlango wake wenyewe, au ile friza ndefu ya kulala. Nyumba nyingi za kupanga zina friji ndogo ya mlango mmoja yenye kichumba cha barafu kwa ndani, na kila mara mtu anapofungua kuchukua nyanya na hoho, joto huingia mpaka huko. Katika kichumba hicho usihesabu zaidi ya wiki mbili. Na popote utakapoyaweka, yawe nyuma kabisa, mbali na mlango, ndani ya bakuli kubwa lenye kifuniko, tena juu ya nyama na samaki wala si chini yao. Damu ya nyama ikidondokea kifuniko cha chupa ya mtoto, hapo hata mimi sitakuwa na la kukutetea.

Maziwa ya moto yaliyotoka kukamuliwa yasimiminwe juu ya yaliyokwisha kuganda, kwani yatayeyusha yale ya juu. Yapoze kwanza katika friji, kisha ndipo uyaongeze.

Mchana kazini

Wengi hawajui kwamba sheria iko upande wao. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 71, inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, penye mahali pa kunawa mikono, friji au kifaa kingine cha kupozea, soketi ya stima, meza ndogo na viti vizuri. Inasema wazi kwamba mahali hapo pasiwe msalani. Kifungu cha 72 kinampa mama muda wa kunyonyesha au kukamua, mbali na muda wa kawaida wa chakula, usiozidi jumla ya saa moja katika kila saa nane za kazi, na muda huo huhesabiwa kuwa wa kazi. Kuna waajiri wanaotii na kuna wale ambao bado wanamwona mama anayeomba nusu saa kuwa mvivu. Nimewaona akina mama wanaokamulia chooni huku wameshikilia mlango kwa mguu. Ningekuwa na uwezo ningemwalika mkubwa wa kampuni ya namna hiyo ale chakula chake cha mchana mumo humo kwa wiki moja tu.

Kama kazini hamna friji, tafuta boksi la baridi. Je, umewahi kuliona lile boksi ambalo wauguzi hubebea chanjo wakienda mashinani? Kanuni ni ile ile. Mfuko au boksi lisilopitisha joto, likiwa na vipande vya barafu vilivyogandishwa barabara, litahifadhi maziwa hadi saa 24 mradi barafu ingali barafu. Chupa ndogo za maji zilizogandishwa usiku hufanya kazi nzuri. Barafu na chupa za maziwa zigusane, na boksi lisifunguliwe funguliwe ovyo.

Lakini naomba sana msitumie themosi ya chai kuhifadhi maziwa yakiwa na joto. Nimekuta desturi hiyo mara nyingi, na nia huwa njema: mama anataka mtoto apate maziwa yenye joto mchana. Kumbe joto lile la uvuguvugu, linalodumu saa tano au sita bila kupoa, ndilo hasa vijidudu hulipenda. Ungetaka kuvifuga usingepata mahali bora zaidi.

Na asiye na friji kabisa? Hawa ni wengi kuliko wenye nazo, na makala ya afya huwasahau. Kamua dakika ya mwisho kabla ya kutoka, funika, weka mahali penye kivuli na upepo, na umwagize anayebaki na mtoto kwamba chombo hicho kiishe kabla ya saa nne kupita. Kule kwenye joto kali hata mapema zaidi. Baada ya hapo utahitaji njia nyingine: kurudi nyumbani mchana ikiwa ni karibu, au mtoto kuletwa, au kuomba nafasi katika friji ya jirani. Mgonjwa wangu mmoja huweka chupa zake katika friji ya mwenye duka la ghorofa ya chini, ndani ya mkebe uliofungwa na kuandikwa jina, na mwenye duka hajawahi kumtoza hata shilingi.

Kuyeyusha

Njia iliyo salama kuliko zote ni ya polepole. Jioni, kabla ya kulala, ondoa chupa za kesho kutoka friza uziweke katika friji, chini. Zitayeyuka usiku kucha. Tangu maziwa yanapomaliza kuyeyuka kabisa yana saa 24 humo ndani ya friji, baada ya hapo yamwagwe. Anza kila mara na yenye tarehe ya zamani zaidi.

Ukishikwa na haraka, tia chupa iliyofungwa katika bakuli la maji ya uvuguvugu, au uishike chini ya mfereji wa maji ya uvuguvugu. Maji yakipoa ubadilishe. Maziwa yakishapata joto la chumba, yatumike ndani ya saa moja au mbili. Na kama mtoto amekwisha kuyatia mdomoni, mate yake yameingia; atakachobakisha kisizidi saa mbili tangu alipomaliza kunyonya. Hakuna kufunika kumngojea mpaka mchana. Najua inauma kuyamwaga. Mama aliyeamka saa tisa usiku kukamua mililita 80 anajua kila tone lilivyopatikana. Ndiyo sababu nilikwambia utie kidogo kidogo.

Usiyachemshe juu ya jiko. Usiyatie kwenye maikrowevu. Maikrowevu hupasha joto mahali pamoja na kuacha pengine baridi, hivyo utagusa chupa nje uione ya kawaida kumbe katikati kuna tonge la maziwa linaloweza kumchoma mtoto kinywa na koo. Joto jingi pia huharibu kile kinga kidogo kilichosalia. Mtoto hahitaji maziwa ya moto. Dondosha tone ndani ya kifundo cha mkono wako. Ukihisi si moto wala si baridi, yako tayari. Wako hata watoto wanaoyanywa yakiwa ya baridi bila malalamiko.

Utayakuta yamejitenga, malai juu na majimaji chini yenye rangi kama ya samawati. Hayajaharibika. Zungusha chupa taratibu yachanganyike.

Kisha mpe kwa kikombe kidogo badala ya chupa ya chuchu. Kikombe huoshwa kwa urahisi, nayo chuchu ya mpira ina pembe za kuficha uchafu. Mtoto akalishwe wima, kikombe kiguse mdomo wa chini, maziwa yafike ukingoni, na aachwe ayalambe mwenyewe. Usimmiminie. Nyanya wengi hawaamini mtoto wa miezi mitatu anaweza kunywa kwa kikombe mpaka waone kwa macho yao.

Kosa la kugandisha mara ya pili lisitendeke. Maziwa yaliyokwisha kuyeyuka hayarudi kwenye barafu.

Stima ikipotea

Hapa kuna swali ambalo niliulizwa na akina mama wengi mwaka 2023, pale nchi karibu nzima ilipokumbwa na giza mwezi Agosti, kisha Novemba na tena Desemba. Jibu la kwanza ni, usifungue mlango. Friza iliyojaa na ambayo haijafunguliwa hushikilia baridi kwa kadiri ya saa 48. Iliyo nusu, kama saa 24. Friji ya kawaida huhesabiwa saa nne tu. Kwa hivyo jaza nafasi zilizo wazi kwenye friza kwa chupa za maji. Zitakuwa barafu ya akiba.

Stima ikirudi, angalia kila chombo. Maziwa ambayo bado yana chembe za barafu ndani yake yanaweza kuachwa yagande tena. Yaliyoyeyuka kabisa lakini bado ni baridi, yahamishie friji uyatumie kabla ya siku kuisha. Yaliyopata joto, mwaga bila kuyajaribu kwa ulimi.

Na ikiwa stima ilipotea ukiwa safarini, utajuaje? Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya shilingi juu ya barafu, ukiache ndani ya friza siku zote. Ukirudi ukute sarafu iko juu, mambo ni salama. Ikiwa imezama chini, basi kila kitu kiliyeyuka na kuganda tena ulipokuwa hupo, hata kama sasa chupa ni ngumu kama mawe.

Harufu ya sabuni

Nilipokuwa namnyonyesha mtoto wangu wa pili niliyeyusha chupa ya kwanza nikasikia harufu ya sabuni. Nikaimwaga. Nikayeyusha ya pili, ikawa vile vile. Nilimwaga chupa kumi na moja, mimi daktari, kwa kudhani vyombo vilisuuzwa vibaya, na yaya wangu nikamlaumu bila hatia.

Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba katika maziwa kuna kimeng'enya kiitwacho lipasi, ambacho kazi yake ni kuvunja mafuta ili mtoto ayameng'enye kwa urahisi. Kwa baadhi ya akina mama kimeng'enya hicho huendelea na kazi hata ndani ya baridi, na ndicho kinachotoa ile harufu. Maziwa hayo ni salama, na watoto wengi huyanywa bila kujali. Akiyakataa kabisa, yale yaliyokwisha kugandishwa hayawezi kurekebishwa, lakini yajayo unaweza kuyapasha kabla ya kuyagandisha: yaweke kwenye moto mdogo mpaka viputo vidogo vianze kutokea ukingoni mwa sufuria, yaepue kabla hayajatokota, yapoze haraka ndani ya karai la maji baridi, kisha yagandishe. Kinga fulani itapotea kwa kufanya hivyo, kwa hivyo ufanye tu ikiwa mtoto amekataa. Harufu ya maziwa yaliyoharibika ni nyingine kabisa. Ni kali na chachu, na ukiisikia hutaulizia.

Akina mama wengine huniuliza kama wanaweza kumpa mtoto maziwa ya dada au jirani aliye na mengi. Jibu langu ni hapana. Virusi vya ukimwi na homa ya ini huweza kuwa ndani ya mtu mwenye afya tele, na friza haiviondoi. Mama mwenye virusi ambaye anatumia dawa zake barabara anaweza kumnyonyesha mwanawe mwenyewe kwa maelekezo ya kliniki, lakini hilo si sawa na kugawa maziwa mtaani. Hospitali ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, ya kwanza nchini, na huko wanaotoa maziwa hupimwa kwanza, kisha maziwa hupashwa joto la nyuzi 62 na nusu kwa dakika 30. Jikoni kwako huna mitambo hiyo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au aliyelazwa naye ana masharti makali kuliko niliyoyaandika hapa. Fuata yale ya wauguzi wa wadi.

Yule mama karani hakununua maziwa ya kopo. Aliniomba nimwandikie maagizo kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili chepesi, nayo akaibandika kwenye mlango wa friji. Nilimshauri akae na yaya jioni moja wafanye kila hatua pamoja, kuyeyusha, kupasha, kunywesha, kwa sababu karatasi haijibu maswali. Yaya alikuwa na maswali mengi, na moja lilikuwa la maana sana: Mtoto akilia na chupa ya siku hiyo imekwisha, nifanye nini? Wakakubaliana kuwe na kifurushi kimoja cha ziada cha mililita 60 kwenye friza, na apige simu kabla ya kukitoa.

Mtoto sasa amepita miezi sita na ameanza kula. Mara ya mwisho mama alipokuja alitaka kujua afanyie nini chupa tisa zilizosalia, maana mtoto hanywi tena kama zamani mchana. Nilimwambia aendelee kuziyeyusha kwa utaratibu ule ule, za zamani kwanza, na apondee viazi na ndizi zake kwa maziwa hayo au ayatie katika uji uliokwisha kupoa.